Maneno ya Pumzi: Lugha ya Mapafu katika Mafunzo ya Tiba ya Viungo

Mwanafunzi wa tiba ya viungo nchini Kenya hufundishwa habari za mapafu kwa Kiingereza, kisha huenda wodini kuwaagiza wagonjwa kwa Kiswahili. Katika matawi mengi ya utabibu pengo hili halina madhara makubwa, kwani dawa humfaa mgonjwa hata asipoielewa. Katika tiba ya kifua, hata hivyo, agizo ni sehemu ya dawa yenyewe: mgonjwa hupumua kama alivyoambiwa, na neno likikosewa, kifua nacho hukosea. Makala haya yananuia kueleza jinsi mapafu yafanyavyo kazi, na papo hapo kuyapima maneno tuliyo nayo ya kuieleza kazi hiyo.

Habari za umbo hazitupi taabu nyingi. Hewa ikiisha kupita puani na kooni huingia katika bomba lenye urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, lililoimarishwa kwa pete za gegedu zisizofunga upande wa nyuma. Bomba hilo hupanda tawi moja kwa kila pafu, na matawi huendelea kugawanyika mara zipatazo 23, mpaka yaishie katika vifuko vidogo mno vinavyokadiriwa kuwa milioni 300 au zaidi. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba sana, na kama zingetandazwa zingeenea mita za mraba 70 hivi. Hapo ndipo oksijeni iingiapo katika damu na kaboni dayoksaidi itokapo. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, kwa kuwa moyo umeegemea upande huo.

Taabu huanza tunapoeleza mwendo. Mapafu hayana misuli ya kujitanua. Mfano ulio karibu nasi ni mvukuto wa mhunzi: auinuapo hasukumi hewa ndani, bali apanua nafasi tu; mkandamizo wa hewa iliyomo hupungua, na hewa ya nje hujiingilia yenyewe. Robert Boyle aliieleza kanuni hii mwaka 1662. Katika mwili kazi ya mhunzi hufanywa hasa na kiwambo, yaani msuli mpana utenganishao kifua na tumbo. Jina hilo limechaguliwa vema, maana latokana na kuwamba, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma. Tofauti ni kwamba ngozi ya ngoma ni bapa, ilhali kiwambo kimebinuka kama kuba, na kinapojikaza ndipo hushuka: sentimita moja au mbili katika pumzi ya kawaida, na hata 10 katika pumzi ndefu. Kikishuka, matumbo husukumwa na tumbo hutokeza mbele. Mbavu nazo huinuka, na mapafu hufuata kwa sababu yameshikamana na kifua kwa tando mbili zenye majimaji kati yake, mfano wa vioo viwili vilivyolowa.

Sasa tulitazame agizo la kila siku, "vuta pumzi." Kitenzi kuvuta chadai mvutaji na jitihada. Mgonjwa akiambiwa avute, huvuta kwa pua, akainua mabega na kukaza shingo, huku kiwambo kimelala. Afadhali awekewe mkono juu ya tumbo na kuambiwa, "Liache tumbo liuinue mkono wangu." Kinyume chake, msemo kushusha pumzi ni sahihi kuliko istilahi nyingi za vitabuni. Katika upumuaji wa utulivu, kutoa hewa si kazi. Misuli hulegea, na mapafu hunywea yenyewe kama mpira ulioachiliwa. Si ajabu kwamba pumzi na kupumzika ni ndugu.

Kamusi huelekea kuyafanya kuhema na kutweta kuwa kitu kimoja. Kwa maoni yangu yafaa yatengwe, na hesabu inaonyesha sababu. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni mililita 500 hivi, na kati ya hizo 150 hubaki katika mabomba bila kufika vifukoni. Mtu apumuaye mililita 200 kwa haraka haraka hufikisha 50 tu, ijapokuwa kifua chake hakitulii. Neno kutweta lingeweza kutengewa pumzi hizo fupi, na kuhema tukakuachia pumzi nzito za mtu aliyetoka mbioni.

Kuhusu maradhi, lugha yetu hutaja mahali na uchungu kuliko chanzo. "Ana kifua" ni kikohozi cho chote. Kifua kikuu ni ugonjwa mmoja mahususi. Kichomi kinaweza kuwa nimonia, ambapo vifuko hujaa majimaji na usaha, au uvimbe wa zile tando mbili. Pumu ndiyo yenye mtego. Mgonjwa husema, "Sipati pumzi," naye muuguzi humhimiza avute zaidi. Kumbe mirija iliyobana huziba zaidi wakati wa kutoa hewa, na kifua tayari kimejaa hewa isiyotoka. Agizo la kwanza liwe la kutoa, tena taratibu.

Hapa uchaguzi wa kitenzi ni jambo zito. Yule ambaye mapafu yake yamelegezwa na tumbaku, au na moshi wa kuni wa miaka mingi, akiambiwa "puliza" huenda akavuvia kama avuviaye makaa; nguvu hiyo huibana mirija dhaifu na kuinasa hewa ndani. Aambiwe apulize kama apozaye uji, midomo ikiwa imekaribiana. Mkandamizo kidogo hubaki nyuma ya midomo na kuizuia mirija isifunge.

Liko tendo jingine ambalo bado lahitaji jina. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu, na makohozi hukaa chini ya mapafu. Hufundishwa kutoa hewa kwa nguvu bila kulifunga koo kwanza, jambo ambalo kukohoa hulifanya. Kupuliza hakufai, kwani midomo hubaki wazi. Kuguna hakufai, kwani sauti haitakiwi. Kwa sasa hutosha kumwambia mgonjwa aushikilie mto juu ya kidonda, afungue kinywa, na kutoa pumzi kama atiaye ukungu kwenye kioo cha miwani kabla ya kukifuta.