Mashine ya Alizeti na Kompyuta Iliyonyamaza

Msimu wa alizeti ukipamba moto Singida, kwenye mashine za kukamua mafuta hakuna anayepata nafasi ya mahesabu mchana. Magunia yanapimwa, madumu yanajazwa, mashudu yanapakiwa, na karani anaingiza kila kitu kwenye kompyuta mpakato iliyo kando ya mizani. Tuseme mwenye mashine yuko Dar es Salaam. Anataka hesabu ya siku imfikie kwa barua pepe kila jioni, bila kumsumbua mtu kwa simu.

Hilo halihitaji programu ya kununua. Linux ina cron, iliyoanzia kwenye mfumo wa Unix miaka ya 1970; Windows ina Task Scheduler. Unaandika skripti fupi ya kusoma faili la mauzo na kutuma jumla yake, unaipangia saa, basi. Saa yenyewe iangaliwe: ukitaka saa mbili usiku ukaandika 2, ripoti itatoka saa nane usiku watu wamelala. Andika 20.

Kutuma nako kumekuwa na masharti. Zamani ilitosha kuipa skripti nywila yako ya Gmail, lakini Mei 2022 Google iliufunga mlango huo kwa akaunti binafsi. Sasa unawasha uthibitisho wa hatua mbili, unapewa nywila ya pekee yenye herufi 16, na barua inapitia poti 587. Poti 25 iache. Kampuni nyingi za intaneti zimeiziba kwa kuchoshwa na barua taka.

Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni barua isiyofika. Task Scheduler, usipoigusa, ina kisanduku chenye alama tayari: kazi ianze tu kompyuta ikiwa kwenye umeme. Umeme ukikatika jioni, betri inashika, karani anaendelea kuandika mauzo, saa mbili inapita na ripoti haitoki. Hakuna anayeambiwa. Toa alama hiyo, kisha weka alama kwenye kisanduku cha kuendesha kazi iliyopitwa na muda wake. Kwa cron, kompyuta ikiwa imezimwa kazi ya saa hiyo imepotea. Anayetaka ifidiwe hutumia anacron.

Ndiyo maana siafiki skripti za kutuma barua penye tatizo tu. Zikinyamaza, utajuaje kama mambo ni shwari, bando limeisha, au kompyuta imezimika? Afadhali barua ije kila siku, hata siku ya magunia 0. Na anayekagua kama imefika asikae kwenye kompyuta ileile. Skripti ya pili iwe Dar es Salaam, ipige kelele saa tatu ikikuta sanduku halina kitu. Kichwa cha barua kibebe tarehe na jumla ya lita, bosi asome kwenye simu bila hata kuifungua.