Mbona Ndai ya Stima Bado Haijafika Ndanai?

Ukishuka Sotik ukitaka kufika Ndanai, hakuna mtu atakuuliza unapenda gari gani. Utaonyeshwa Probox. Mbele mnakaa watatu pamoja na dere, katikati mnafinyana, na kwa buti kuna wasee wengine, kuku na mtungi wa maziwa. Mvua ikinyesha barabara igeuke matope, hiyo Probox bado inapanda mlima.

Sasa mtandaoni wasee wanasema petroli imeisha maneno, sote tuhamie stima. Ni sawa. Lakini nani atambeba huyo mama na maziwa yake? Wacha tupige hesabu polepole.

Kwanza, idea yenyewe si mbaya

Stima nyingi ya Kenya inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana. Hata sisi tumechangia: maji ya mto Kipsonoi yanaingia Sondu, na Sondu ndio inazungusha mitambo ya Sondu Miriu, megawati 60. Yaani mvua ya huku kwa majani chai inawasha taa za watu. Petroli nayo inakuja na meli, tunainunua na dola. Oktoba 2023 lita moja ilifika shilingi 217 Nairobi, na huku mashinani kawaida unaongezewa ya usafiri.

Chukua nduthi. Betri ya nduthi ya stima inabeba kama yuniti 3 hivi. Hata ukinunua yuniti moja kwa shilingi 30, kujaza ni chini ya soo. Inakupeleka kilomita kama 70. Umbali huo na petroli utakula karibu lita moja na nusu. Piga hesabu mwenyewe na bei ya wiki hii.

Basi shida iko wapi? Iko kwa betri

Kwa ndai ya petroli unanunua gari, halafu mafuta unalipa kidogo kidogo. Ya stima ni kama umenunua gari na tanki la miaka kumi siku moja. Mwaka wa 2010 betri iliuzwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila yuniti inayobeba. Kufikia 2024 ilishuka hadi dola 115 hivi. Imeshuka vibaya sana, lakini angalia: Nissan Leaf ya yuniti 40 inamaanisha dola 4,600 za betri peke yake. Hiyo ni karibu shilingi 590,000, bei ya kiwandani, kabla ya meli, ushuru na fundi.

Serikali ilijaribu kupunguza uchungu. Mwaka wa 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya stima ulitolewa asilimia 20 ukawekwa 10. Imesaidia, lakini asilimia kumi ya kitu ghali bado ni doh mob.

Sisi tunaendesha mitumba ya Japan

Hapa ndio watu wengi hawaoni. Magari mengi Kenya yametumika Japan kwanza, na sheria inataka yasizidi miaka 8. Kwa hivyo chenye Mjapani alinunua juzi ndicho utanunua kesho. Na Mjapani hajapenda sana ndai za stima. Yeye ni mtu wa haibridi.

China ndio wako na za bei nafuu, lakini za kwao zina usukani wa kushoto, na Kenya hizo hazisajiliwi hivi hivi. Ethiopia wao wanaendesha upande wa kulia, kwa hivyo gari la China linaingia moja kwa moja. Januari 2024 wakapiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Sisi tungefanya hivyo leo, Ndanai tungetembea kwa miguu.

Halafu kuna kuogopa mtumba wenyewe. Injini ya Probox ikichoka, fundi wa pale stendi ataisikiza tu na kukuambia shida. Betri iliyochoka haipigi kelele. Utajua siku imekuacha katikati ya mlima, na stima imepotea kijiji kizima.

Kinachoweza kufanya kazi

BasiGo walionyesha njia Nairobi kuanzia 2022: mwenye mathree ananunua basi bila kubeba bei ya betri, betri analipia kwa kila kilomita. Kwa nduthi, kampuni kama Ampersand na Spiro zinakuwekea betri iliyojaa ukirudisha iliyoisha. Bei ya kuingia inashuka. Lakini soma vizuri kabla uweke sahihi: nduthi ni yako, betri si yako. Kama kituo kiko tao na wewe uko Ndanai, umenunua pambo la nyumba.

Kwa hivyo mashinani itaanza na nduthi, si na ndai. Na itafika siku kutakuwa na mahali pa kubadilisha betri karibu na penye watu tayari wanaenda kila siku: vituo vya kununua majani na mitambo ya kupozea maziwa.

Hii si story ya Nairobi tu. Huku, msee hungoja bonus ya majani ndio alipe deposit ya nduthi. Mwaka wa 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walipata bonus ndogo kuliko wenzao wa Mlima Kenya, na wengi walilia hadharani. Mtu kama huyo hana nafasi ya kubahatisha. Ukimuuzia nduthi ya stima, mwonyeshe kwanza kituo kiko wapi, betri ikidedi nani analipa, na fundi ni nani.

Akijibiwa hayo matatu, atahama petroli bila kuhubiriwa. Kabla ya hapo, songea kidogo, kuna abiria mwingine anaingia Probox.