Leseni ya Mpelelezi Humlinda Nani?

Mkazi wa Dallas, Fort Worth au Houston anayemlipa mpelelezi binafsi amtafute mdaiwa aliyetoweka humkabidhi siri za watu wawili: zake na za anayetafutwa. Ndiyo sababu Sura ya 1702 ya Sheria ya Kazi za Texas hairuhusu kila mwenye kamera kujiita mpelelezi. Kampuni hupewa leseni na Idara ya Usalama wa Umma, wahusika huchukuliwa alama za vidole, na lazima kuwe na bima. Anayefanya kazi hiyo bila leseni anaweza kufungwa hadi mwaka 1 na kutozwa faini ya hadi dola 4,000.

Wapo wanaosema huku ni kuwalinda wakongwe wa biashara dhidi ya wageni. Hoja yao ina uzito. Mwaka 2008 mafundi wa kompyuta walikwenda mahakamani Austin, wakihofia kwamba hata kukagua data ya mteja kungehesabiwa upelelezi. Lakini kosa la sheria kutanuka mno halifuti haja yake. Leseni haimpi mpelelezi mamlaka ya polisi; humfanya ajulikane, ashtakiwe na anyang'anywe kibali akikosea. Asiye na leseni akivuruga ushahidi, mteja hubaki na hasara na aliyefuatiliwa hubaki na aibu. Kwa hiyo kabla ya kulipa malipo ya awali, omba namba ya leseni, kisha uihakiki kwa idara yenyewe.