Sura ya 7: Kamba Inafungwa Wapi?

Mbwa wangu Simba alipotimiza miezi minane alikuwa na kilo 24, na kila asubuhi nikitoka naye pale Njiro, Arusha, yeye ndiye aliyekuwa akinipeleka. Siku chache kabla nilikuwa nimemvua kola ya shingoni kwa sababu alikuwa akivuta mpaka anakohoa. Nikamnunulia hanesi, yaani ile mikanda inayozunguka kifua na mgongo. Kukohoa kukaisha, lakini kuvuta kukazidi.

Asubuhi moja tukapishana na mzee aliyekuwa akipeleka madumu ya maji kwa mkokoteni wa punda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akamtazama mbwa kuanzia kidarini hadi pale kamba ilipofungwa, juu ya mgongo. "Mwanangu," akasema, "huyo umemfunga avute. Ndivyo ninavyomfunga huyu wangu." Akanionyesha matandiko ya punda wake: mkanda mpana umelala kidarini, na kutoka hapo mikanda miwili inapita ubavuni kurudi nyuma hadi kwenye mkokoteni. Punda akiegemeza kidari mbele, mzigo unafuata. Hana pa kuumia, kwa hiyo anavuta kutwa nzima.

Maneno ya mzee yule ndiyo msingi wa sura hii. Hanesi asili yake ni kifaa cha kuvutia mzigo. Kule Alaska mbwa wa theluji huburuta sleji, magari ya kuteleza juu ya theluji, katika mashindano ya Iditarod, yanayofanyika tangu mwaka 1973 kwa umbali wa takribani kilomita 1,600, na hanesi zao zimeshonwa kwa makusudi ili nguvu yote ianzie kifuani na kamba ifungwe nyuma kabisa, karibu na mkia. Unapomvalisha mbwa mchanga hanesi yenye pete ya mgongoni na kufunga kamba hapo, umempa nafasi ileile. Shingo iko huru, kifua kimepata pa kuegemea, miguu minne iko chini. Kwa nini asivute?

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha utafiti waliowafanyia mbwa 52 waliokuwa wakitunzwa kwenye makazi ya wanyama. Kila mbwa alijaribiwa akiwa na kola, na pia akiwa na hanesi ya kifuani iliyofungwa kamba mgongoni, huku kifaa kikipima mkazo wa kamba. Walivuta kwa nguvu zaidi walipovaa hanesi.

Je, turudi kwenye kola? Kwa mbwa anayevuta, hapana, na kwa mbwa mchanga nakataa kabisa. Shingoni mwa mbwa umepita mkoromeo, ambao ni bomba la gegedu linaloweza kubanwa. Ipo pia tezi ya thairoidi, na ipo mishipa mikubwa ya damu inayotoka kichwani. Utafiti mmoja wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa mbwa akivuta kwa kola, shinikizo ndani ya macho yake hupanda, na akivuta kwa hanesi halipandi. Kola ibaki shingoni kwa kazi yake nyingine, kubeba kibati chenye namba ya simu ya mwenye mbwa.

Kinachobaki ni kuhamisha kamba. Tafuta hanesi yenye pete mbele, katikati ya kidari. Ukifunga kamba hapo, mbwa anapojitupa mbele kamba haimrudishi nyuma, bali inamgeuza kifua upande ulipo wewe. Nguvu aliyoikusudia kwenda mbele inampeleka kando, na ghafla anajikuta anakutazama. Hakuna kilichomuuma. Amegundua tu kwamba kuvuta hakumfikishi kule alikotaka. Simba alihitaji dakika kama kumi siku ya kwanza kuacha kujitupa, ingawa kesho yake alianza upya.

Pete ya mbele nayo ina matatizo yake. Kamba ikilegea sana huingia kati ya miguu ya mbele, na hanesi iliyopwaya huvutwa upande mmoja mpaka mkanda wa kifuani unapanda begani. Ndiyo maana ninapenda hanesi yenye pete mbili, moja kidarini na moja mgongoni. Ya kidarini ni ya barabarani, penye pikipiki, mbuzi na mbwa wa majirani. Ya mgongoni ni ya uwanjani, kwa kamba ndefu, anapoachiwa kunusa apendavyo. Mbwa hujifunza tofauti haraka kuliko tunavyodhani: pete hii ni ya kutembea pamoja, pete ile ni ya kuzurura.

Sasa umbo. Hanesi nyingi madukani ni za aina mbili. Ya kwanza ina mkanda uliolala mlalo mbele ya kifua, kama ule wa punda. Ya pili ina mikanda miwili inayoshuka kutoka shingoni na kukutana kidarini, kisha mkanda mmoja unapita kati ya miguu ya mbele, ukiitazama kwa mbele ni herufi Y. Ili kuchagua, inafaa ujue jinsi mguu wa mbele wa mbwa ulivyoungwa. Binadamu tuna mtulinga, mfupa unaoliunganisha bega na kifua. Mbwa hana mtulinga wa kumfaa. Mguu wake wa mbele umeshikwa na misuli peke yake, na bapa la bega huteleza mbele na nyuma juu ya mbavu kila anapopiga hatua. Miguu hiyo ya mbele ndiyo inayobeba karibu asilimia 60 ya uzito wake. Mkanda uliokatiza juu ya kiungo cha bega umekaa kwenye njia ya hatua yenyewe.

Kwa hesabu hiyo, umbo la Y lingekuwa mshindi bila ubishi, na wauzaji wengi ndivyo wanavyosema. Nisikufiche: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la madaktari wa mifugo la Uingereza ulipima bega la mbwa wakitembea na wakienda mbio za polepole, na hanesi zote mbili zilipunguza kunyooka kwa bega. Ile ya Y ilipunguza zaidi. Walikuwa mbwa wachache, na hanesi zilizojaribiwa ni mbili tu kati ya mamia, kwa hiyo siwezi kukwambia uitupe Y. Mimi bado naichagua, kwa sababu pete ya kidarini hukaa vizuri kwenye Y na mkanda haupandi kooni. Lakini tangu niusome utafiti ule nimeacha kuamini umbo kwa jina lake. Naangalia mbwa mwenyewe anavyotembea. Mwombe mtu amtembeze mbele yako, kwanza bila hanesi, kisha akiwa nayo. Hatua zikifupika, au mguu ukitupwa nje kama wa mtu mwenye kiatu kinachobana, hiyo siyo yake, hata kama bei ni kubwa na kitambaa kinang'aa. Na mkirudi nyumbani ivue, acha acheze mwili ukiwa huru.

Kupima ni kazi ya futi ya fundi cherehani. Zungusha futi kifuani nyuma ya miguu ya mbele, pale kifua kilipo kipana zaidi, kisha chini ya shingo panapokaa kola. Ukishamvalisha, vidole viwili vipite bapa chini ya kila mkanda, bila kulazimisha wala kupwaya. Mkanda wa tumboni ukae nyuma ya kiwiko kwa nafasi ya vidole vichache, maana ukigusa kwapa utachubua ngozi laini isiyo na manyoya. Pale mikanda inapokutana mbele pawe juu ya mfupa wa kidari, si kooni. Halafu fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: simama mbele ya mbwa, ndani ya ua uliofungwa, umvute taratibu kuja kwako huku akirudi nyuma. Mbwa mwenye hofu hujinasua kwa kurudi kinyumenyume, na hanesi iliyopwaya humvuka kichwani kama fulana.

Mbwa mchanga anakua, na hapa ndipo hanesi nzuri hugeuka kuwa mbaya bila mtu kugundua. Mbwa wadogo humaliza kukua kabla ya mwaka, wakubwa huendelea hadi mwaka mmoja na nusu. Mimi hupima kila Jumapili, na nikiwa hapohapo natafuta kupe waliojificha chini ya mikanda na upele msimu wa joto. Nunua yenye bizimu nne za kurekebisha kuliko yenye mbili.

Kama dukani bei inakushinda, nenda kwa fundi viatu na begi kuukuu. Mkanda wa begi wa nailoni wenye upana wa sentimita mbili na nusu, uliokunjwa na kushonwa mara mbili kwa uzi wa viatu, unamtosha mbwa wa kilo 20. Pesa yako iweke kwenye pete: iwe ya chuma kilichochomelewa, isiyo na mwanya, kwa sababu pete iliyopindwa tu hufunguka siku mbwa anapomwona paka.

Vipo vifaa ambavyo sitavinunua. Hanesi inayokaza kwapani mbwa akivuta, mnyororo unaonyonga, kola ya miiba: vyote hufanya kazi kwa kuumiza, na mbwa mchanga huunganisha maumivu na kile anachokitazama wakati ule, awe mtoto aliyevaa sare ya shule au mbwa mwenzake. Baadaye utakuwa na mbwa anayebwekea watoto, usijue alianzia wapi.

Hanesi ya pete ya mbele inakupunguzia nguvu ya mbwa, lakini kutembea humfundishi kwa hiyo. Kamba ikikaza, simama. Usimvute, usimkaripie. Akigeuka na kamba ikalegea, mpe kipande cha dagaa mkavu pembeni ya goti lako, kisha mwendelee. Siku za kwanza mita mia moja zitakula robo saa, na utafika sokoni umechelewa. Kila mtu wa nyumbani afuate hivyohivyo, kwani mbwa anayeruhusiwa kumburuta kaka akienda dukani atakuburuta na wewe.

Simba alipotimiza mwaka, kifua chake kilikuwa kimeongezeka sentimita 9 na bizimu zote zilikuwa kwenye tundu la mwisho. Ile hanesi ya kwanza nikaifua, nikaishona upya pembeni, nikampelekea jirani mwenye kitoto cha mbwa cha miezi mitano. Nilikwenda na futi mfukoni.