Watazamaji wanapogeuka majaji wa mapishi ya runinga

Mashindano ya mapishi kwenye runinga yana jambo moja la kuchekesha: mtazamaji haonji kitu. Hanusi kitunguu kinavyokaangwa, hajui kama chumvi imezidi, hajui nyama imeiva kiasi gani. Lakini kipindi kikifika mwisho, kila aliyekaa sebuleni ana jibu lake kuhusu nani alistahili kubaki na nani wa kufungasha. Baba anasema huyu ana kiburi. Mama anasema yule angalau anafuta meza yake. Watoto wao wanamtaka anayewachekesha, hata kama keki yake imeungua.

Hiyo ndiyo raha ya vipindi hivi, na hakuna ubaya. Tatizo linakuja pale maneno ya sebuleni yanapotoka nje na kumfuata mshiriki hadi nyumbani kwake. Mara nyingine watazamaji wanakuwa na hoja ambayo majaji hawakuiona. Mara nyingine wanamwonea mtu. Uingereza, ambako vipindi vya mapishi hutazamwa na mamilioni, imeyaona yote mawili.

Ngozi ya kuku iliyotikisa nchi

Mwanzoni mwa Aprili 2018, watazamaji wa MasterChef inayorushwa na BBC walimwona Zaleha Kadir Olpin, mzaliwa wa Malaysia anayeishi Bristol, akiwapelekea majaji nasi lemak na rendang ya kuku. Ilikuwa hatua ya robo fainali.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, sahani hiyo si ngeni kama jina lake. Nasi lemak ni wali wa nazi, na huliwa na dagaa wa kukaanga, karanga, yai, tango na pilipili iliyosagwa ikapikwa. Rendang ni nyama au kuku anayepikwa taratibu ndani ya tui pamoja na mchaichai, tangawizi, vitunguu na pilipili, mpaka tui likauke, mafuta ya nazi yajitenge na viungo viishike nyama. Ni chakula cha subira, cha sikukuu na cha harusi.

Jaji Gregg Wallace alionja, akasifu ladha ya nazi, kisha akalalamika kwamba ngozi ya kuku haikuwa kavu ya kuvunjika mdomoni, kwa hiyo haliki, na mchuzi wote umebaki kwenye ngozi hiyo. Mwenzake, John Torode, alisema kuweka rendang pembeni ya wali lilikuwa kosa kwa sababu haikupata muda wa kutosha kulainika. Zaleha akaaga mashindano.

Malaysia ikawaka. Singapore na Indonesia nazo zikaingia, ingawa Indonesia na Malaysia zimezoea kugombana kuhusu nani hasa mwenye rendang. Chakula hicho asili yake ni kwa Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, na wengi wao walihamia upande wa pili wa bahari karne nyingi zilizopita, ndiyo maana kila upande unakihesabu kuwa chake. Safari hii ugomvi uliwekwa kando. Hakuna aliyewahi kula rendang yenye ngozi kavu, wala anayetaka kuila.

Balozi wa Uingereza nchini Malaysia, Vicki Treadell, naye aliandika kuwatetea wenyeji wake, akisema rendang haiwi kavu hata siku moja. Waziri Mkuu Najib Razak aliweka picha ya rendang mtandaoni na kuuliza kama kuna mtu anayeila hivyo. Mpinzani wake mkubwa, Mahathir Mohamad, alitania kwamba huenda jaji aliichanganya na kuku wa KFC. Wawili hao walikuwa katikati ya vita ya uchaguzi, na Mei 9 mwaka huohuo Mahathir alimwangusha Najib. Kwenye ngozi ya kuku walikuwa chama kimoja.

Torode aliongeza kuni kwenye moto. Aliandika kwamba huenda rendang ni ya Indonesia, akafurahia jinsi watu walivyopandwa na jazba, akamalizia na “Namaste”, ambayo ni salamu ya Wahindi. Mtu aliyewahi kutangaza kipindi kizima cha kuzunguka Malaysia akionja vyakula vyake alitegemewa kujua zaidi ya hapo.

Baadaye Wallace alijieleza kwenye runinga. Alisema hakumaanisha kuku angekaangwa, alimaanisha hakuiva, ngozi ilikuwa nyeupe na imelegea. Hapo mtazamaji lazima akubali udogo wake, kwa sababu kuhusu sufuria ile moja, siku ile, waliokuwa na vijiko mkononi ndio waliojua. Hoja ya Torode kuhusu muda nayo si ya kupuuzwa, kwani rendang haitaki saa ya mashindano. Lakini kauli iliyorushwa hewani ilikuwa ya ngozi kukosa ukavu, na kwa kauli hiyo watazamaji wa Kuala Lumpur walikuwa na haki ya kukasirika. Ni sawa na kumwambia mama wa Tanga kwamba kuku wake wa nazi amekosa kuwa chipsi.

Zaleha alisema anasimama na mapishi yake ya asili. Kelele zote hizo, mabalozi na mawaziri wakuu wakiwemo, hazikumrudisha kwenye mashindano.

Uso uliopendwa

Upendo wa watazamaji nao una nguvu. Mwaka 2015 Nadiya Hussain, mama wa watoto watatu ambaye wazazi wake walitoka Bangladesh, alishinda The Great British Bake Off. Zaidi ya watu milioni 13 walitazama fainali. Kilichozungumzwa zaidi, kuliko hata keki zake, kilikuwa uso wake, maana kila hofu na kila furaha ilisomeka pale, na nyumba nyingi zilimchukua kama binti yao. Wapo pia waliozungumzia hijabu yake kana kwamba ni kiungo cha keki, na wapo waliodai alibebwa. Mwaka uliofuata aliombwa kuoka keki ya kutimiza miaka 90 ya Malkia Elizabeth.

Sekunde 40 za aiskrimu

Kipindi hichohicho, mwaka mmoja kabla ya ushindi wa Nadiya, kilimpata mtu wa kumchukia. Agosti 27, 2014 washiriki walitakiwa kutengeneza baked Alaska, yaani keki iliyobebeshwa aiskrimu, ikafunikwa kwa ute wa mayai uliopigwa na sukari hadi kuwa povu zito, kisha ikapitishwa kwenye moto haraka kabla aiskrimu haijayeyuka. Ni kazi ngumu hata siku ya baridi. Siku ya kurekodi ilikuwa ya joto, na hema la Bake Off halina huruma.

Iain Watters, kijana wa Belfast mwenye ndevu nyekundu, alikuta aiskrimu yake iko nje ya friza na imelegea. Aliyekuwa ameitoa ni Diana Beard, mama wa miaka 69, ambaye kwa miaka mingi alihukumu mapishi ya akina mama wa Women's Institute. Iain hakusubiri. Alitupa kila kitu kwenye ndoo ya taka, akatoka hemani, na muda wa kuonja ulipofika akawaletea majaji Mary Berry na Paul Hollywood ile ndoo. Akatolewa.

Nchi nzima ikamgeukia Diana. BBC ilipokea malalamiko zaidi ya 800. Watu waliandika kwamba amefanya hujuma, kwamba bibi anayeonekana mpole ndiye mbaya kuliko wote, na mengine yasiyofaa kuchapwa ukurasa huu. Mtangazaji wa kipindi, Sue Perkins, aliandika kwamba aiskrimu ile ilikaa nje sekunde 40 tu. Hollywood naye alisema kilichomwondoa Iain ni uamuzi wake wa kutupa chakula. Diana mwenyewe alilalamika kwamba picha zilivyohaririwa zilimfanya aonekane mtu mwingine.

Anayejua kinachofanyika jikoni ataelewa. Washiriki wanagombania friza, mmoja anasogeza bakuli la mwenzake ili lake liingie. Jambo hilo hutokea kwenye kila shughuli yenye wapishi wengi, na huishia kwa maneno mawili matatu. Mhariri akiikata picha ile pale mlango unapofungwa, akaiweka karibu na uso wa kijana aliyekata tamaa, mtazamaji anamaliza hadithi mwenyewe.

Wiki iliyofuata Diana hakuonekana. Wengi walishangilia, wakidhani amekimbia aibu. Lakini kipindi kilirekodiwa muda mrefu kabla ya kurushwa, na wakati matusi yanaandikwa yeye alishaondoka zamani hemani. Alikuwa ameanguka na kuumia kichwa, akapoteza uwezo wa kunusa na kuonja.