Mteja Ametuma Doo, Amepokea Mzigo, Kisha Akarivasi! Mahasla wa Mtandaoni Kaeni Rada

Uko zako Murera, keja yako ndio stoo, duka lako liko Instagram. Mse anakuinbox, anataka ndula za 2,500. Anatuma M-Pesa, unaona mesej imeingia, unampatia mtu wa nduthi mzigo aupeleke Ruiru. Nusu saa baadaye unaambiwa ile doo imeombwa irudi, eti aliyetuma alikosea namba. Unampigia, mteja ako mteja. Kwa WhatsApp picha yake imepotea. Ushablockiwa.

Huu mchezo unatumia kitu poa vibaya. Ukikosea namba, Safaricom hukuruhusu ku-forward ile mesej ya M-Pesa kwa 456 uombe pesa yako irudishwe. Imeokoa watu wengi, hata mimi nikiwemo. Shida ni kwamba anayeshughulikia ombi haoni ndula. Anaona tu 2,500 imetoka kwa namba moja ikaingia ingine. Kama bado iko kwa simu yako inaweza kushikiliwa hadi ijulikane ni ya nani, na hapo ndio chati zenu, picha ya mzigo na namba ya mtu wa nduthi zinapata kazi. Usifute kitu.

Ndio maana kuna wasee wakilipwa tu wanakimbia kwa ajenti kutoa. Sawa, lakini unakatwa kila ukitoa, na utakimbia mara ngapi kwa siku? Afadhali ufungue Pochi la Biashara kwa *334#. Inakaa kwa laini yako hiyo hiyo, na mteja harivasi pesa bila wewe kukubali.

Kuna ile ingine ya kizembe: "Boss, nimetuma 5,500 badala ya 2,500, nirudishie ngiri tatu." Cheki mesej imetoka wapi. Kama ni namba ya mtu badala ya MPESA, hakuna kitu umetumiwa. Angalia salio kwanza, kisha hiyo mesej i-forward kwa 333, ni bure.

Na wewe mnunuzi unayecheka hapo, najua pia wauzaji hutuma takataka. Lakini kusema ulikosea namba na ulikuwa umevaa ndula tayari ni wizi, na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inafika hadi miaka 10 ndani kwa ulaghai. Kama umeletewa saizi 40 na uliitisha 42, rudisha ndula kwanza, halafu mwenye duka akutumie doo yako.