Haki ya Ndugu Siku ya Tufani

Wazee wetu wa pwani walikuwa wakisema kwamba tufani ni mambo ya Bukini, yaani Madagaska, hayafiki kwetu. Walisahau ile ya Unguja ya Aprili 1872, iliyong'oa mikarafuu na kuvunja merikebu za Seyyid Barghash, na ile ya Lindi ya Aprili 1952. Ni nadra, kwa kuwa upepo wa namna hiyo hutaka bahari yenye joto na nguvu ya mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo hupungua kila ukikaribia ikweta. Lakini nadra si muhali.

Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, tufani iliyopewa jina la Hidaya (jina jema kwa jambo zito!) ilifika kisiwa cha Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kuwaonya watu wa baharini. Sisi tulisikia onyo hilo katika redio, tukiwa Dar es Salaam, tukampigia simu mdogo wetu, aliye mvuvi huko, tukamwambia asitoke. Akajibu, "Inshallah, kaka." Tukaridhika na jawabu hilo.

Kumbe Ijumaa alfajiri alitoka. Siku mbili simu yake haikupatikana. Chuoni watoto walisoma, nasi hatukuyasikia makosa yao. Tukamkumbuka dada yake Nabii Musa (A.S.), aliyeagizwa na mama yake amfuate mtoto aliyetiwa mtoni, akamfuata, akimwangalia kwa mbali, hata akajua amefikia kwa nani. Sisi tulikuwa tumemfuata ndugu yetu kwa simu moja tu.

Jumatatu habari ikaja. Mrengu wa ngarawa ulivunjika, yeye na mwenzake wakashikamana nayo mpaka mawimbi yakawatupa katika mikoko, wakalala humo. Wazima, Alhamdulillahi. Bahari ilipotulia tulipanda boti Nyamisati tukavuka hadi Kilindoni, na njiani tukatayarisha maneno makali. Vipi mtu aonywe kisha ajitie katika maangamizo, hali Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipoona wingu zito uso wake ulikuwa ukibadilika, kwa kuwakumbuka watu wa Adi?

Tulimkuta barazani, viganja vimechubuka kwa kamba. "Shikamoo, kaka." Tukayamwaga yote tuliyokuja nayo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu:

"Kaka, jarife lilikuwa majini, nami nimelinunua kwa deni. Ramadhani nilikuomba unisaidie, ukasema tungoje Idi ipite."

Ni kweli alituomba. Na siku aliyotoka baharini, Idi ilikuwa imekwisha kupita siku 23.

Enyi vijana mlio mijini, na ndugu zenu wako baharini au mabondeni kwenye mafuriko: likitangazwa onyo, msimwambie ndugu "usitoke" mkakata simu. Muulizeni atapoteza nini akibaki nyumbani, na katika hasara hiyo ninyi mwaweza kumbebea fungu gani. Mvuvi alijua hatari ya upepo ule kuliko sisi tuliokaa na redio.

Usiku ule tulikaa pamoja na dada yetu, tukalihesabu deni na kuligawa mafungu matatu. Jarife halikupatikana tena. Dada akatuuliza kwa nini hakuambiwa habari hii tangu Ramadhani, nasi hatukuwa na jawabu.